Daftari la Deni

Juzi imetimia wiki ya saba
tangu kaunti itiwe kufuli la shaba,
nami sijafunga.
Kaunti imelala, kaunta i wazi.
Duka langu la Mtopanga lina dirisha la nondo,
na ubavuni, kwenye msumari mmoja,
laning'inia daftari la kurasa mia mbili
na kalamu iliyofungwa uzi isiibwe.

Humo mna serikali nzima.
Mwalimu wa chekechea: unga, pakiti mbili; sukari, robo.
Muuguzi wa zahanati: mchele, kibiriti, sabuni ya kipande.
Dereva wa gari la taka: sigara tatu, na tatu, na tatu.
Askari Kaingu: elfu nne mia nane na sitini,
na hapo mwandiko wangu umekuwa mdogo
maana ukurasa wake unakwisha.

"Walotufunga ni madiwani," asema Mwachiro,
kiwiko juu ya mizani hata ndengu zazidi uzani.
"Wameikalia bajeti kama kuku aatamiaye mayai viza.
Wataka magari kwanza, mishahara baadaye."

Nyamvula, aliyekuwa mhasibu huko huko ndani,
acheka kwa pua.
"Kaisome kwanza. Fungu la maji ya chupa na vitafunio vya gavana
lapita fungu la dawa. Ungekuwa wewe, ungeipitisha?"
"Ningeipitisha. Watoto wale."
"Na mwakani?"
"Mwakani nitakuwa nimekula."
"Kuna njaa yenye heshima, Mwachiro."
"Heshima haichemki, mama.
Nimeijaribu. Sufuria yaungua tu."

Mimi nampangusa kiwiko, napima upya.
Nairobi yasema pesa imetumwa,
kaunti yasema haijaiona,
utadhani pesa ni mtoto aliyetumwa chumvi
akapitia uwanjani kutazama mpira.

Hungojwa niseme nina upande gani.
Jumatatu mimi wa Nyamvula:
mkono uibao usiongezewe mfuko.
Jumanne muuguzi aja, hasemi neno,
aweka kitambulisho cha kazi juu ya kaunta
kama rehani, picha ikitazama juu,
nami ni wa Mwachiro hadi usiku.

Sasa hili la leseni.
Yangu imekufa mwezi uliopita.
Nilikwenda kuihuisha, nikakuta karatasi mlangoni:
HAKUNA HUDUMA HADI MTANGAZIWE,
na chini yake mtu kaandika kwa kaa la moto lililozima:
*na choo je?*
Nilirudi kwa miguu. Taka za Kongowea
zilikuwa zimefika barabara ya pili.

Ijumaa akaja Kaingu, sare imenyooshwa pasi,
viatu vimepakwa rangi pasipo na rangi.
"Mama Mwaka, leseni."
"Ofisi yenu imefungwa, Kaingu."
"Najua. Mimi mwenyewe sijalipwa.
Lakini sheria haikufungwa."

Akafungua kitabu chake cha faini.
Akajipapasa kifuani, mfukoni, nyuma ya sikio.
Kaunti haina hata kalamu.
Nikampa yangu.
Uzi ulikuwa mfupi,
ikambidi aingize kichwa kati ya nondo
na kuandika kosa langu
kidevu kikiwa juu ya deni lake.

Faini: shilingi elfu tano.

Akakaa vivyo hivyo, kichwa ndani, mwili nje.
"Na mkate," akasema polepole.
"Na sukari nusu. Uniandikie."
Mkate sitini na tano. Sukari sabini na tano.
Nikajumlisha, nikajumlisha tena kutoka chini kwenda juu:
elfu tano, haizidi senti.

Tukatazamana, mimi na serikali,
kwa umbali wa kidole.
Hakuna aliyecheka.
Akachana karatasi yake, nami nikachana yangu,
tukabadilishana.

Mwachiro, kwenye benchi, akainua shingo:
"Kuna nini? Imepita?"
"Hakuna kilichopita," nikamwambia. "Mkate tu.
Na wewe, Kaingu, rudisha kalamu."