Mizani Saba

Sura ya kwanza ilikwama mlangoni.
Nilitaka Semeni apange chumba Mbagala Rangi Tatu,
nyumba ya bati jipya, choo cha nje,
jirani mfuga bata.
Nikahesabu kwa vidole juu ya kaunta:
Mba-ga-la-ra-ngi-ta-tu.
Saba.
Nikarudia, kama mama anayehesabu chenji
iliyoletwa na mwanawe.
Saba.

Utenzi unataka nane.

Mchana kutwa natoa fotokopi karibu na Mahakama ya Kisutu,
viapo, vyeti vya kuzaliwa, talaka,
na karatasi zinazotoka zimechafuka wino
ndizo daftari langu.
Nyuma ya kesi ya kiwanja cha Tabata
Semeni ameolewa.
Nyuma ya wosia wa mtu wa Ilala
ameachwa.

Basi nikamhamisha.
Kodi alikuwa amelipa, ugomvi hakuwa nao;
kosa lake ni silabi moja.

     Kinondoni Mkwajuni
     kapanga chumba uwani
     na cherehani pembeni
     na deni lisilokwisha.

Nane, nane, nane, nane. Nikajinunulia mihogo na kachumbari.

Lakini Mkwajuni ile hapakuwa na bata,
na sura ya sita yote ilisimama juu ya bata:
wao ndio waliopiga kelele usiku ule
Kondo, mtoto wake, alipotoka bila viatu.
Uani kwake mpya palikuwa na jenereta tu.
Mtoto akatoka, hakuna aliyesikia.
Hata mimi sikusikia.

Halafu kuna hii bahari yangu, hii -sha.
Niliichagua nikidhani ni rahisi, maneno yamejaa tele.
Kufika ubeti wa mia mbili nikaona ninachofanyiwa:
kila mtu anamchosha mwenziwe,
anamkopesha, anamkumbusha, anamtisha.
Hakuna jambo linalotokea lenyewe.
Nilipotaka kuandika kwamba Kondo alipotea,
mstari ulikataa kufunga.
Ukaniuliza: nani?
Nikakaa na swali hilo siku tisa,
toner ikaisha, wateja wakanuna,
nikampa baba yake lawama, haikukaa,
nikampa mwalimu, nikawapa rafiki zake wa kijiweni.
Siku ya kumi nikaandika bila kuinua kalamu:

     Kondo aliomba ada
     mama hana msaada
     kamtazama kwa muda
     ulimi ukamwondosha.

Sikuwahi kujua hivyo kuhusu Semeni.
Nilimshonea mwenyewe kila gauni, na sikujua.

Mhariri mmoja wa Upanga, Bi Nakijwa,
alisoma beti arobaini akiwa amesimama.
"Hii ni riwaya au utenzi? Dukani itakaa rafu ipi?"
Kisha, kwa huruma kabisa:
"Kwa nini usiandike nathari, watu wasome upesi?"
Nilitaka kumwambia kwamba nathari
ingeniachia niseme *alipotea*
na ningelala usingizi.
Nikasema nitafikiria.

Jana nimemrudisha Semeni Mbagala.
Shedrack, fundi wa mashine, ana dawa yake:
"Dada, tia *ya*. Mbagala ya Rangi Tatu. Nane hizo."
Ni kweli, ni nane.
Ila hakuna mtu wa Mbagala anayesema hivyo,
na Semeni ni mtu wa Mbagala.

     Mbagala Rangi Tatu
     mlango hauna mtu
     kuna jozi ya viatu
     na bata wanaokesha.

Shedrack akasoma kwa vidole, bisibisi mdomoni,
akarudi juu, akahesabu tena.
"Mstari wa kwanza umepungua."
"Najua."

Mteja akaingia na karatasi ya polisi:
kitambulisho kimepotea.
Nakala tatu.