Noti Tano za Mwisho

Mpwa wake alimwandikia nyota:
hii nne na nusu, ile tano kasoro,
hii watu elfu tatu wameisifu.
Sonoe Kuwabara akaikunja ile karatasi mara mbili,
akaitia chini ya mguu wa meza uliokuwa ukiyumba,
akapanda treni kutoka Sakai kwenda Osaka.
Akili za kuambiwa, changanya na zako.
Na zake ni miaka thelathini na minane
ya kukaza nyuzi za piano za watu.

Ghorofa ya tatu, hedifoni zimetundikwa safu kwa safu,
kama vichwa vilikuwa na haraka, vikaondoka vikaziacha.
Kijana wa zamu, Hirose, jina kifuani,
anafuta mito ya masikio kwa pamba yenye spiriti,
mgeni asirithi joto la mgeni aliyetangulia.
Ana fomu: *Umechagua ipi? Kwa nini?*
"Tuna nyimbo za majaribio, safi kabisa."
"Nimekuja na wangu," anasema mama,
anatoa simu yenye ufa pembeni.

Wala si wimbo. Ni dakika moja na sekunde kumi:
piano ya shule ya msingi, ukumbi mtupu, Februari,
yeye mwenyewe akigonga noti mojamoja, chini kwenda juu,
na mahali fulani mtoto anakohoa.

Brennholt kwanza. Nyeusi, nzito, bei ya jokofu.
Piano ya shule ikaota kitambi,
ikatembea kama tajiri anayeingia harusini amechelewa.
Akacheka, akaivua.
"Hii inanidanganya kwa upendo," akasema,
na Hirose hakujua aandike wapi jambo hilo.

Asagiri, nyepesi, rangi ya maziwa,
inakaa kichwani kama haipo.
Kila noti imefuliwa, imepigwa pasi.
Lakini kikohozi?
Akarudisha nyuma. Akarudisha tena.
Kiti chake kilichokuwa kikilia, pumzi yake kabla ya kugonga,
vyote vimefagiliwa
na mtu mwenye adabu ambaye hakuuliza.

Ya tatu ilikuwa rafu ya chini, karibu na ngazi:
Okuno, kampuni ya watu kumi na mmoja,
inabana kama viatu vya kuazima,
waya wake mnene kama wa pasi.
Na hapo
ukumbi ukarudi na baridi yake.
Nyundo ikagusa uzi, kwanza sufu, kisha chuma.
Mtoto akakohoa kushoto, upande wa dirisha,
akavuta kamasi.
Sonoe akafumba macho, akapanda noti kwa noti
hadi zile tano za mwisho.

Mti tu. Tak. Tak. Hakuna mlio.

Akarudi kwa Brennholt: tak.
Akarudi kwa Asagiri: hata tak hakuna.
Kampuni tatu zisizopatana kwa lolote
zikapatana kwa hilo.

"Vaa wewe," akamwambia kijana. "Mwishoni hapo, kunalia?"
Hirose akasikiliza ameinamisha kichwa.
"Kunalia, mama. Zote tano. Kama..."
akatafuta, pamba ikimkaukia mkononi,
"kama kijiko kimegusa glasi nyumba ya pili,
na aliyekishika anaomba radhi."
"Na ile ya mwisho kabisa?"
Akasikiliza tena. Akasita.
"Samahani. Hiyo naona imeshuka kidogo."

Imeshuka. Tangu Februari.
Na yeye alilipwa, akainama, akashukuru, akaondoka.

Sikio la kufa, tunasema, halisikii dawa.
La Sonoe halikuwa likifa. Lilikuwa likihama,
polepole, bila kuaga,
limeanza na vyombo vidogo vya juu ya kabati.

Alinunua Okuno. Mfuko wa kuibebea akaukataa.
Akahesabu noti zake, hizi za karatasi, mara mbili,
kisha akauliza, bila kuinua macho:
"Jumamosi una zamu?"
"Ya asubuhi tu."
"Kuna piano Sakai. Mikono ninayo."

Kwenye fomu, mbele ya *Kwa nini?*,
kijana akaandika: saa nane mchana,
lango la shule.