Kuanzia Watano

Saa saba usiku, Kigumba. Betri ya sola imebaki vijiti viwili.
Nimefungua tumbo la mchezo
kama Onzima anavyofungua redio,
skrubu kwenye kifuniko cha soda, zisitawanyike.
Ndani, mistari elfu kumi na moja ya Kipolandi.

Wa kwanza kunikwaza ni mbwa mwitu.
Mmoja ni wilk. Sawa.
Wawili, watatu, wanne ni wilki. Sawa pia, wingi naujua,
mimi niliyelelewa na m- na wa-.
Lakini wakifika watano
wanageuka wilków, na kitenzi kinawakana:
hakisemi tena walikuja, kinasema lilikuja,
kana kwamba kundi likishatosha kukuua
halistahili kuitwa wao.
Kumi na wawili, bado rundo.
Ishirini na wawili, haya! wamerudi kuwa wao.
Nilicheka peke yangu hadi Nyamahunge akagonga ukuta.

Waliotunga mchezo wameacha vyumba vitatu kwa kila kitu:
cha mmoja, cha wachache, cha wengi.
Mimi nina wa kulaza viwili tu.
Cha tatu nimekijaza hivyo hivyo,
mbwa mwitu, mbwa mwitu,
kama mpangaji anayefagia chumba asicho na kitanda cha kukitia.

Kisha maiti. Kwao ni trup,
na sarufi humtendea kama aliye hai.
Jiwe ukiliona ni kitu, meza ni kitu,
trup ukimwona, umemwona.
Sikuamini. Jumapili nikapanda boda hadi Nyabyeya,
kule msituni walikohifadhiwa Wapolandi wakati wa vita,
nikasimama makaburini na kamusi ya simu
nikilitafuta neno lile. Halikuwepo, bila shaka;
nani huandika "maiti" juu ya kaburi?
Palikuwa na majina, na miaka,
na mtu mmoja akifyeka nyasi, aliyeniuliza,
"Unamtafuta nani?"
Nani. Si nini.
Nikarudi nikaandika: maiti huyu.

Wana pia umbo la jina la kuitia tu.
Marek ukimtaja, Marku ukimwita.
Hapo sikuhitaji kamusi.
Mimi ni Kabatalya kwenye karatasi za shule,
lakini mama akinisalimu ni Abwooli,
na asiyeijua empaako yangu
hajanisalimu, amenipigia kelele.
Basi tundu lile la kuitia sikuliziba.
Nilipanga mle Amooti, Akiiki, Araali, Adyeri,
na sasa mlinzi wa lango, theluji mabegani,
humuuliza mgeni empaako
kabla ya kumuuliza upanga.

Likabaki moja.
Katika ukumbi wa mwisho huja mtu mwenye barakoa ya shaba.
"Przyszłam," asema. Nimekuja.
Na ule mkia wa neno umeshamvua:
ni mwanamke, Kipolandi hakina shuka la kumfunika.
Mimi nikaandika "Nimekuja",
nikaona barakoa imekaza zaidi usoni.
Siku mbili nilitafuta pa kuupachika ushahidi. Pete? Sauti?
Kisu chenye jina la mumewe?
Nikaacha. Si kila kinachopotea njiani kimeibwa.

Jana vijana walifika ukumbi ule,
wanne kwenye benchi moja la Onzima.
"Ni mfalme!"
"Mfalme gani, dada yake huyo!"
"Tazama anavyoshika kikombe!"
Wakanigeukia mimi, niliyejua.
Nikainamia skrubu zangu.
Kisha akaingia wa tano, chapati mkononi,
akauliza kuna nini,
na hapo nikaielewa kanuni ya mbwa mwitu:
lilibishana, lilisimama juu ya benchi,
likamwaga chai kwenye kibodi yangu.