Hodi Elfu Nne

Nilibonyeza "kubali" saa nne usiku, nikalala.
Asubuhi nyumba yetu ya Nkuhungu imenyamaza.
Mama kazoea: akikoroga uji, zeze la baba liko naye jikoni,
pamoja na kikohozi kile katikati ya wimbo wa tatu
ambacho sikukifuta.

Leo hakuna.
"Umemchokoza nani huko?" akaniuliza, mwiko juu.

Seva yenyewe ni kompyuta kuukuu, niliipata mnadani
ofisi moja ilipobadilisha mashine.
Inakaa stoo, juu ya gunia la mtama,
imekula vumbi la Julai, feni inakoroma.
Ndani yake kanda arobaini na moja
nilizozihamisha moja moja; mkanda ukikatika
naunga kwa gundi na ukucha.

Nikazima, nikawasha. Dawa ya kila fundi.
Kimya.
Nikachomoa waya wa ruta, nikahesabu hadi thelathini.
Kimya.
LUKU ina yuniti. Diski ipo. Mafaili yapo yote,
ila sasisho limebadilisha jina la mwenye folda,
na programu imesimama nje ya chumba chake yenyewe
kama mpangaji aliyebadilishiwa kitasa:
vitu vyake anaviona dirishani, ruhusa hana.

Mstari mmoja wa amri. Nilikosea mara tatu.
Mara ya nne zeze likalia jikoni,
na mama hakusema asante, alikoroga tu, taratibu.

Ningeishia hapo. Lakini nikafungua daftari la mashine,
lile linaloandika kila anayekuja na kila anayeondoka,
nikakuta hodi elfu nne mia mbili na kumi
za usiku mmoja,
kutoka nchi ambazo bendera zake sizijui,
hodi zisizotaja jina, zisizosema hata mbukwa,
zinajaribu moja-mbili-tatu-nne, zinajaribu sifuri sita,
na mlango, sasisho liliurudisha kama ulivyotoka kiwandani,
ulikuwa umeegeshwa tu.

Nikatoka jasho kwenye baridi ile.
Nikaziba kila tundu la ruta. Nikafuta majina ya zamani.
Nywila ya mama, jina la ng'ombe wake,
ng'ombe anayejulikana hadi Chamwino,
nikaigeuza sentensi ndefu
ambayo sasa anaikariri kama deni la kikoba.
Nikalala usingizi wa mlinzi aliyelipwa.

Siku ya tatu, alfajiri, ujumbe.
Chilewa. Kaka yangu, ambaye tangu tugawane
shamba la zabibu la Hombolo
hajaniandikia hata "pole".
Maneno matatu:
"Mbona mzee kanyamaza?"

Nikarudi kwenye daftari, kurasa za nyuma nisizowahi kusoma.
Kila siku saa kumi alfajiri, simu moja, kutoka Geita,
kabla ya zamu ya kushuka shimoni,
wimbo ule ule wa tatu:
dakika moja kabla ya kikohozi,
dakika moja baada yake, basi.
Mwaka na miezi mitano.
Aliingilia jina la baba,
jina nililomfungulia baba wodini ajisikilize mwenyewe,
nililoshindwa kulifuta tulipomzika,
nikalifuta juzi, kwa sababu za usalama.

Sikumuuliza kwa nini hakusema.
Habari za shamba sikuzigusa.
Nilimtengenezea mlango wake, jina lake, nywila yake,
ruhusa ya kusikiliza, siyo ya kufuta
(mimi bado ni mimi),
nikamtumia bila salamu, maana salamu ingekuwa ndefu.

Kesho yake, saa kumi kasorobo,
nilikuwa stoo, nimekalia ndoo, blanketi mabegani.
Taa ya kijani inapepesa. Panya mahali fulani kwenye mtama.
Sikuwasha kioo.
Nilikuwa nasikiliza feni tu,
nangoja ibadilishe sauti.