Mdhamini wa Tano

Baba, nakuandikia kwa kalamu ya chama,
hii nyekundu; nyeusi imekauka.
Ni mimi Kashindye, mtunza leja wa wakulima wa tumbaku
hapa Tutuo, mwaka wa kumi na nne huu.
Deni nalijua.
Nalijua linavyonuka: mfuko wa mbolea uliolowa,
jasho la mtu aliyefika ofisini alfajiri
na hadi adhuhuri hajataja shida yake.

Jumapili, katika sala uliyotufundisha,
kwenye mkate nafika vizuri.
Ukija mstari wa madeni nainama
nifunge kamba za viatu.
Viatu vyangu havina kamba.
Mchungaji Ntinginya ameona, akanyamaza. Namshukuru.

Mama alikuwa na macho mekundu.
Wewe uliyaona yalivyoanza:
moshi wa bani, misimu thelathini,
akichochea usiku kucha ili majani yapate rangi ya dhahabu,
majani ya watu, si yake.
Nkwabi alikuwa mtoto wa jirani,
alilala humo bani, kichwa pajani pa Mama.
Akakua, akaoa. Mwanawe akafa kwa degedege.
Akaenda kwa mganga,
na mganga akataja macho.

Kulikuwa na mbalamwezi.
Sisemi zaidi; ulikuwepo.
Na hilo ndilo swali langu, sina jingine:
ulikuwepo.

Majibu nimeletewa.
Mwinjilisti wa Tabora mjini alisema umetupa hiari.
Sawa. Lakini mimi nikiona mtoto anatambaa kuelekea kisimani
sikai nikaiheshimu hiari yake.
Mwingine akasema Mama amepumzika.
Mama hakuwa amechoka.
Alikuwa amelowesha mihogo ya kesho.

Sasa Nkwabi karudi.
Shtaka lilipunguzwa, kifungo kikapungua,
hata mvi zake chache.
Jumanne kasimama mbele ya meza yangu, kofia mkononi,
anaomba mkopo wa pembejeo.
Kikundi ni watu watano wanaodhaminiana;
wamepatikana wanne, pamoja naye.

Nikuambie jambo ambalo kanisani halisemwi:
deni halifutiki.
Ukilifuta safu hii, linavimba safu ile.
Mmoja akishindwa, wenzake wanakatwa,
kilo kwa kilo, kwenye marobota yao wenyewe.
Nimewaona wakikatwa. Hawaimbi.

Basi nikauliza, kalamu ikiwa hewani:
ndicho ulichofanya Ijumaa ile?
Uliingia kwenye kikundi chetu kibovu
ukawa wa tano?
Maana ulikatwa.
Na Mama alikatwa.
Neno ni hilohilo, Baba, na mimi silipendi.

Kama ndivyo, sijakusamehe bado,
ila naanza kukutambua,
kama mtu unayemkuta foleni moja nawe,
naye kashika karatasi kama yako.

Nkwabi aliuliza jambo moja tu:
«Lile bani bado lipo?»
Nikamwambia lilianguka masika ya mwaka juzi.
Akatikisa kichwa. Akatazama sakafu kwa muda mrefu,
mahali ambapo hapakuwa na kitu.

Jina lake nimeliandika kwa penseli.
Nafasi ya tano iko wazi.
Nina ekari moja na nusu, unajua ilipo.
Usinihimize.

Jana gulioni nimenunua viatu vyenye kamba,
ili Jumapili, nikiinama,
angalau nisiwe mwongo.