Jani Lenye Tundu

Bi Ermelinda alikileta ndani ya taulo,
kimefungwa kama mtoto aliyezaliwa Julai,
akakiweka mezani pangu, Ngara, juu ya karakana ya baiskeli.
"Kifuniko kimeachama," alisema. "Tia gundi tu.
Marehemu alikinunua mnadani, sijui kwa nini.
Ni mbao ile. Au plastiki."

Si mbao, mama. Si plastiki.
Nilikigeuza penye ufa, nikaweka lenzi jichoni,
na ufa ukanifungukia kama kurasa:
nyekundu juu ya nyekundu juu ya nyekundu,
kila moja nyembamba kuliko ganda la kitunguu.
Utomvu. Machozi ya mti yaliyokorogwa na zingefuri,
yakapakwa, yakaachwa, yakasuguliwa, yakapakwa.
Nilihesabu hadi mia moja na kumi na tatu,
stima ikapotea.

Kwetu husemwa bandu bandu huisha gogo.
Hawa waliianza methali kutoka mwisho:
pako kwa pako, mwaka mzima na ushei,
wakaliotesha gogo pasipo mti,
unene wa sarafu tatu,
ndipo wakashika visu wakaanza kubandua.

Baba yangu, Kitonyi wa Wamunyu,
alichonga Gikomba miaka thelathini na mmoja.
Tembo, tembo, twiga, tembo.
Mti wenyewe ulikuwa mjakaranda ulioangushwa na mvua;
aliupaka kiwi ya viatu, akausugua kwa soksi,
watalii wakauita mpingo.
Na mkonga ukivunjika, hakutukana.
Aligeuza gogo kidogo, akakaza macho,
tembo akawa kiboko.
"Kiboko naye ana mnunuzi wake," akanikonyezea.

Lakini huyu wa Kaizari,
mwenye siku mia mbili za wenzake chini ya kisu,
angegeuza nini akiteleza?
Nilimwonea huruma,
mtu aliyekufa kabla ya babu wa babu yangu.
Nikawasha tochi ya simu, nikapitisha brashi
kwenye maua yake manene
(Bi Ermelinda aliyaita waridi; si waridi),
petali baada ya petali,
vumbi la Pangani la miaka arobaini likitoka.

Kitakoni, maandishi mawili.
Bwana Shen wa mkahawa wa Kilimani
alinisomea kwenye picha niliyomtumia:
jina la mfalme mmoja, limekwaruzwa kwa sindano,
na juu yake jina la mwingine, limechimbwa kwa nguvu
kulizika la kwanza.
La aliyekesha na kisu halipo.
Hata la Kitonyi halikuwepo chini ya tembo yeyote.

Ndipo nikaliona.
Upande wa nyuma, usiotazamwa na mtu akifungua,
jani moja lina tundu,
kingo zake zimekunjwa taratibu, kama lililoliwa na kiwavi.
Majani mengine yote ni mazima.
Nilikaza macho kama baba.
Ndani ya tundu, mchirizi mmoja ulionyooka,
ulionyooka kuliko kiwavi yeyote anavyotafuna.
Kisu kiliteleza.
Kiliteleza, jamani, na jumba zima la kifalme likingoja,
na mtu akashusha pumzi, akafikiri,
akamwita kiwavi aje alile kosa.

Nilicheka peke yangu gizani
hadi fundi wa baiskeli akapaza sauti,
"Syokau, kuna nini huko juu?"
"Kiboko," nikamjibu.

Kifuniko nimekiunga. Tundu sijaliziba.
Laka hii haikaushwi na jua, inataka unyevu,
kwa hiyo nimekifungia katoni pamoja na kitambaa chenye maji,
na kwa mara ya kwanza naishukuru Julai
na manyunyu yake yasiyoisha.

Ijumaa Bi Ermelinda atapiga simu aulize ni shilingi ngapi.
Nitamtajia bei ya gundi.
Halafu akija nitamvutia kiti, nimpe lenzi.