Kilo Tisa

Machi, na ziwa bado limelala chini ya barafu.
Irja ameweka mezani, kati ya siagi na mkate mweusi,
vipande viwili, kila kimoja upana wa kitabu cha sala.

Kimoja ni povu gumu, waridi iliyopauka,
limevikwa faibaglasi juu na chini.
Ukilishika, mkono unapaa wenyewe,
kama mtu aliyepanda ngazi isiyokuwepo.
Kingine ni plaiwudi ya mti mweupe wa huku kwetu,
ule unaobanduka gome kama karatasi.

Mizani ya unga imeshasema, na Irja amepiga hesabu:
boti ya povu itapungua kilo tisa.
"Kilo tisa," akasema, "ni Mustikka."
Mustikka ni mbwa wangu. Alikuwa chini ya meza, akasikia.

Kutoka bandani hadi majini ni hatua mia moja arobaini na tatu,
mteremko, mawe, mizizi.
Mimi mbele, yeye nyuma.
Nyonga yangu ya kushoto ni ya chuma tangu Novemba.
Basi kura yangu nikaipiga mapema: povu.

Hakujibu. Akatwaa randa
aliyoinunua kwa mshahara wake wa kwanza wa basi la shule,
akaipitisha ukingoni mwa plaiwudi.
Unyoya mmoja ukajikunja, ukaangukia kwenye siagi.
Jiko likanuka msitu.

Kisha akalikata povu kwa msumeno.
Chenga zikaruka, zikang'ang'ania sweta, pazia, paka.
Paka alikuwa wa waridi hadi Jumapili.

"Lakini mbao huoza, Irja."

"Huoza. Ila huoza kwa adabu, Rauha.
Hugeuka rangi, hunuka, hukuambia.
Povu likipigwa na jiwe,
ngozi huachana na kiini humo ndani kwa ndani,
na nje pamenyooka, pana rangi mpya, panang'aa.
Nimeishi na kitu cha namna hiyo
miaka kumi na mmoja."

Hakutaja jina.
Nikamimina kahawa, yake kwanza.

Sasa ni Aprili. Plaiwudi, milimita nne,
kila ukingo umelishwa epoksi mara tatu,
kwa brashi, kisha kwa kidole, kisha kwa brashi tena.
Irja amepiga magoti kwenye sakafu ya banda,
sakafu ya saruji, baridi kama deni,
na chini ya magoti yake kuna kipande cha waridi.
"Unaona," anasema bila kuinua uso, "sijakitupa."

Na kubeba je?
"Tutapumzika. Hatua ya sabini pana jiwe la kukalia wawili."

Jana nilimpima Mustikka kwa daktari wa mifugo.
Kumi na nusu.
Sijamwambia Irja.